Chapa ya Luhende

Alikuwako mtu aitwaye Luhende, ambaye kijiji kizima kilimkabidhi chuma cha kupigia chapa maksai. Watu wa kijiji hicho waliishi kwa nguvu za ng'ombe. Mvua zikija maksai walivuta plau, mavuno yakija walivuta mikokoteni. Kwa hiyo kila ng'ombe dume aliyehasiwa alipelekwa kwa wafundishaji, wakakaa naye msimu mzima wakimzoesha nira, sauti ya mwongozaji, na namna ya kugeuka mwisho wa shamba bila kuvuruga kilicholimwa.

Msimu ukiisha, ng'ombe alipimwa. Alipelekwa kwenye shamba la wajane, lililokuwa kando ya barabara iendayo mnadani, akalima hapo mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Wajane walilimiwa bure, na kila mpita njia aliona mstari umenyooka au umepinda. Ukinyooka, Luhende alipasha chuma moto akampiga ng'ombe chapa kwenye paja. Ukipinda, ng'ombe alirudishwa kwa wafundishaji, na mwenyewe hakuchekwa kupita kiasi, maana hakuna nyumba ambayo haikuwahi kurudishiwa ng'ombe. Mnunuzi akifika mnadani hakuhangaika kuchungulia meno wala kushika shingo. Aliangalia paja, akatoa mali yake, akaenda zake. Luhende alijivunia jambo hilo, na tusimnyime haki yake: alistahili.

Siku moja akaja Mipawa, kaka wa mkewe. Mipawa alikuwa na dume aliyetoroka kwa wafundishaji kabla msimu haujafika katikati, na kijana wake alikuwa anaoa. Wakwe walitaka mahari ya maksai wenye chapa, si vinginevyo. Mipawa akasema, "Shemeji, ng'ombe ni huyuhuyu. Kilichobaki ni alama tu." Asubuhi Luhende alikataa. Kufika jioni mkewe alikuwa amenuna, chakula kinawekwa mezani bila neno, na mzee wa watu akaona heri chapa moja kuliko nyumba isiyosemeshana. Damu nzito kuliko maji. Akapasha chuma nyuma ya nyumba yake, si shambani, akajiambia kwamba ng'ombe yule atajifunza hukohuko aendako, akifungwa nira pamoja na mzoefu.

Hakupokea kitu. Nalisema hili makusudi, kwa sababu wengi hudhani uovu wa namna hii huanza na tamaa. Huu ulianza na huruma. Kibuyu cha asali kilikuja baada ya harusi, kama shukrani, na nani anakataa shukrani ya shemeji yake?

Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Msimu uliofuata alikuja jirani, naye hakuwa na maneno mengi. Aliomba tu afanyiwe kama Mipawa. Safari hii asali ilitangulia, ng'ombe akafuata. Baada ya huyo wakaja wengine. Upimaji ukahamia kabisa uani kwa Luhende, kwa hoja kwamba shambani ni mbali na jua ni kali, na hoja hiyo ilisikika kuwa na akili. Shamba la wajane likaota magugu. Wajane walilalamika, ila mjane husikilizwa pale tu watu wanapokuwa na nafasi.

Ikafika mahali hata mwenye maksai aliyefundishika vizuri alileta asali, asije akaachwa nyuma. Wafundishaji nao walikuwa na macho. Mmoja wao alikuwa mtu wa subira, mwenye kukaa na ng'ombe mpaka aelewe. Watu wakamnyang'anya ng'ombe wao kwa sababu alikuwa anawachelewesha, naye akaenda kuchoma mkaa. Waliobaki waligundua kwamba kupeleka kibuyu kwa Luhende ni kazi nyepesi kuliko kutembea nyuma ya ng'ombe kutwa, wakageuka kuwa wachukuzi wa vibuyu. Mkono mtupu haulambwi, walisema, wakicheka.

Cha ajabu, mashamba yaliendelea kulimwa. Desturi ya pale ilikuwa kumfunga nira ng'ombe mgeni pamoja na mkongwe, na mkongwe alivuta kwa wawili. Watu waliona shamba limelimika wakasema chapa bado ni nzuri. Hakuna aliyetazama shingo ya yule mkongwe, iliyokuwa na vidonda upande mmoja. Na ng'ombe si mjinga kama tunavyomtukana. Yule aliyevuta aliona kwamba mwenzake asiyevuta jioni anakula majani yaleyale, tena anawahi kushiba. Baada ya misimu michache hata wale wazuri wakaanza kusimama katikati ya shamba.

Luhende alikuwa na binti, Nkwimba, aliyeolewa kijiji cha ng'ambo ya kilima. Yeye na mumewe waliuza mbuzi wao wote wakanunua jozi ya maksai mnadani. Mwaka ule mvua ilichelewa, na ilipokuja ilikuwa ya kuibia, siku chache tu. Asiyelima siku hizo chache hakuwa na mwaka. Wakafunga nira. Ng'ombe mmoja alivuta, mwenzake akalala. Walipomchapa aliinuka kwa kishindo akakurupuka na plau, na Nkwimba, aliyekuwa mbele ameshika kamba ya kuwaongozea, akaangushwa. Plau ilimpita juu ya mguu ikauvunja. Shamba halikulimwa, na mvua ikaondoka.

Luhende alipopata habari alivuka kilima kwenda kumwona mwanawe. Alifika na hasira za baba. Alimgombeza mkwewe kwa nini amenunua mnyama bila kumjaribu, siku hizi nani ananunua kitu amefumba macho? Aliyejibu ni Nkwimba, pale alipolazwa kwenye mkeka.

"Baba, hatukumjaribu. Tuliona chapa yako."

Hakusema hivyo ili kumsuta. Hakujua lolote kuhusu asali. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba aliona kumekucha ndiyo maana akatoka nje, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Luhende aliondoka akaenda zizini, akamshika ng'ombe yule paja. Chapa ilikuwa yake kweli, imekaa sawasawa. Akajaribu kukumbuka ng'ombe huyu alikuwa wa nani, aliletwa lini, na kwa kibuyu kipi. Hakukumbuka. Walikuwa wengi mno. Hapo ndipo Luhende alipolia, mtu mzima, ameegemea fito za zizi.

Aliporudi kijijini aliitisha mkutano akaeleza yote, bila kutaja jina la mtu ila lake. Watu walikasirika sana. Walisimama mmoja baada ya mwingine kulaani asali, na Mipawa alikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa. Walitaka Luhende anyang'anywe chuma apewe mwingine, mtu mwaminifu. Luhende alikitoa chuma palepale, akasema wana haki. Ila aliwakumbusha kwamba na yeye alipopewa alikuwa mwaminifu, na huyo atakayepewa naye ana mashemeji. Kwa hiyo aliomba mambo mawili. Kwanza, upimaji urudi shamba la wajane, kando ya barabara, kila mtu aone, na asipimwe ng'ombe yeyote mahali pengine. Pili, maksai wote waliopigwa chapa kwa mkono wake wapimwe upya.

La kwanza lilipigiwa makofi. La pili lilipotajwa mkutano ulipoa. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha mbuzi bila mchungaji. Mwingine akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na wengi wakaona amenena kwa busara. Kila mtu alitaka uadilifu, lakini alitaka uanzie kwenye zizi la jirani. Mwishowe walikubali shingo upande, wakapanga siku.

Siku hiyo ilipofika, wajane walikuwa wamekwisha fyeka magugu, na mwenye chuma mpya alikuwa amewasha moto. Watu walijaa barabarani. Ng'ombe hakuna. Kila mmoja alikuja kutazama ng'ombe wa mwenzake.

Jua lilipokuwa utosini wakaonekana watu wawili wakishuka kilima. Nkwimba alikuwa anatembelea mkongojo, na mumewe anamvuta yule maksai kwa kamba. Kila aliyekuwapo alijua hesabu yao. Yule mwenzake aliyevuta walikwisha kumuuza wapate chakula, na ng'ombe huyo ndiyo mali pekee waliyobaki nayo yenye thamani. Wangenyamaza, wangeweza kumpeleka mnada wa mbali wakamuuza kwa bei ya maksai mwenye chapa, na mzigo ukawa wa mtu mwingine. Chapa ikifutwa, bei yake ni ya nyama tu. Luhende alimfuata mwanawe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuwa amemkusudia yeye. Nkwimba alimjibu kwamba yeye ndiye anayemjua mnyama huyo kuliko wote pale, na akaendelea kutembea.

Wakamfunga nira. Alivuta hatua kidogo, akalala katikati ya shamba. Barabarani mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Mwenye chuma alichoma mstari wa moto juu ya chapa ya Luhende, na Luhende mwenyewe ndiye aliyeshika pembe ng'ombe asitikisike.

Nkwimba aliuliza kama yule mfundishaji mwenye subira bado yu hai. Wakamwita, akaja na mikono yake myeusi kwa mkaa, akamzunguka ng'ombe, akampapasa shingo, akasema hajaharibika, amenyimwa tu mafunzo. Akashika kamba. Kazi ilianza saa ileile, palepale kando ya barabara, huku watu wakitawanyika kurudi kwao.

Basi siku ile ni maksai mmoja tu aliyeanza kufundishwa, naye ni yule aliyeonekana mbele ya watu kwamba hajui. Wenzake walibaki mazizini na chapa zao nzuri, wakingoja mvua nyingine.

Nanyi mlio na watoto shuleni, mnaolaani asali kila mnapokutana: ni nani kati yenu yuko radhi mwanawe aonekane hajui, ili apate kufundishwa?