Shela ya Binti Tembo na Mashine ya Kiboko

Jamani, mpo?
— Tupo!
Mmeshiba?
— Tumeshiba ugali, bado maneno!
Basi fungueni masikio. Midomo naomba mfunge.

Zamani, wanyama walipokuwa na kompyuta na sisi bado tunachora ukutani kwa mkaa, alikuwepo Nguchiro. Alikuwa mdogo, na kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Lakini mashine ya kuchapa ilikuwa moja tu pale kijijini, nayo ilikuwa ya Kiboko. Kiboko hakujua kuchora. Alijua kula, alijua kupiga miayo, na alijua sana kuhubiri uwazi. "Ndugu zangu, tuwe wawazi!" alisema kila siku, huku mlango wa duka lake umefungwa kwa komeo.

Siku hiyo Mama Tembo alikuwa anamwoza binti yake. Akamwita Nguchiro.

"Mwanangu, nichoree binti yangu na shela yake. Shela iwe nyepesi, uso uonekane. Atakayenifanyia kazi nzuri, shamba langu la miwa ni lake. Atakayenitia aibu mbele ya wakwe, ahame kijiji."

Nguchiro akachora. Akachora macho, akachora mkonga, akatandaza juu yake shela nyepesi kama ukungu. Akapeleka faili kwa Kiboko. Kiboko akalifungua kwa programu yake. Kwenye kioo, uzuri mtupu. Akabonyeza.

Krrr-shaa! Krrr-shaa! Pu!

Mama Tembo akatazama. Macho hayapo. Mkonga haupo. Pana gunia jeupe limevishwa maua.

"Huyu ni mwanangu, au mmenichorea unga wa sembe?"

"Mashine yangu haikosei," akasema Kiboko. "Amekosea Nguchiro."

Nguchiro akarudi nyumbani, akaipunguza shela, akaifanya nyepesi zaidi. Krrr-shaa! Krrr-shaa! Pu! Gunia. Akaipunguza tena, ikawa kama pumzi. Krrr-shaa! Krrr-shaa! Pu! Gunia, tena lililojaa vizuri.

"Mashine yangu haikosei," akasema Kiboko, akitafuna. "Amekosea Nguchiro."

"Mizigo yako umeshafunga?" akauliza Mama Tembo.

Nguchiro hakula siku hiyo. Aliwaza shimo lake, aliwaza watoto wake. Halafu akachora duara jekundu, akalifunika nusu kwa duara la buluu nyepesi. Yalipokutana ikatokea zambarau. Akaenda kuyachapa kwa Kiboko. Zambarau haikutoka. Buluu ilitoka nzito, imeimeza nyekundu nusu nzima.

"Kumbe!" akajisemea. "Programu ya huyu bwana kwenye kioo inaonyesha wepesi, lakini ikichapa haijui kitu chepesi. Kwake kitu kikiwepo, kipo chote. Kama tumbo lake."

Akarudi kwake mbio. Akaichukua shela na uso, akaviunganisha humo humo katika programu yake mwenyewe, mpaka rangi zikachanganyika na tabaka mbili zikawa picha moja. Sasa hapakuwa na shela ya kufunika wala uso wa kufunikwa. Akapeleka.

Krrr-shaa! Krrr-shaa! Pu!

Binti Tembo huyo, anatabasamu ndani ya shela! Mama Tembo akatoa machozi.

"Nani ameitengeneza picha hii?"

"Mimi," akasema Kiboko upesi. "Faili lilikuja bovu. Nimechora upya, kwa mikono yangu hii."

"Mama, lakini..." akaanza Nguchiro.

"Usibishane na wakubwa," akasema Mama Tembo. "Kiboko, wakwe wakifika nitakutangaza. Miwa ni yako."

Mama Tembo alipoondoka, Kiboko akamwinamia Nguchiro.

"Bado bango kubwa la langoni. Niletee faili lililo wazi, niandike jina langu pale chini. Tuwe wawazi, eti?"

"Ndiyo, bwana mkubwa," akasema Nguchiro. "Nitakuwekea uwazi wote nilio nao."

Akaunganisha shela na uso kama kwanza. Kisha juu ya picha akaandika maneno makubwa meusi, akayapunguza rangi, akayapunguza, akayapunguza, mpaka jicho halikuyaona kabisa. Kiboko akafungua, akaona picha safi, akaandika jina lake. Krrr-shaa! Krrr-shaa! Pu! Bango likatoka limejiviringisha, naye akalibeba hivyo hivyo. Alikuwa anawahi pilau.

Wakwe wakafika. Ngoma, ti-ti-ti! Vigelegele! Kiboko akalikunjua bango mwenyewe, kifua mbele. Bibi harusi alipendeza. Na kifuani pake, kwa herufi nyeusi nene: SIJUI KUCHORA HATA YAI. Chini yake: Kiboko, Mchoraji.

Ngoma zikanyamaza.

"Sikuandika mimi!" Kiboko akapayuka.

"Jina hili la nani?" akauliza Mama Tembo.

"Langu."

"Na bango kachora nani?"

Kiboko akaitazama miwa kule shambani. "Mimi."

"Basi na maneno ni yako."

"Maneno ni ya Nguchiro!"

"Nguchiro ameingiaje kwenye bango ulilochora peke yako?"

Kiboko akafungua mdomo. Unaujua mdomo wa kiboko. Akaufunga. Mama Tembo akampa kijiti. "Chora yai hapa chini."

Kiboko akachora, jasho linamtoka. Baba mkwe akavaa miwani, akainama.

"Ni kiatu?"

Shamba akapewa Nguchiro, mbele ya wote. Nguchiro hali miwa, lakini alilichukua hivyo hivyo.

Funzo lenu, watoto wazuri: mkubwa akisema kazi yako ni yake, mpe kwa adabu. Usimwandikie maneno yasiyoonekana, ni tabia mbaya mno. Na uwazi ni jambo jema. Kiboko aliuhubiri maisha yake yote, akautenda siku moja, kwa bahati mbaya.

Yangu nimeyamaliza, nawaachia hapa hapa. Asiyeyapenda atunge yake, akayachape kwa Kiboko.