Nzi Aliyehamia Kusikokuchwa

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti za watoto. Watu wazima mmeshasinzia? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, nyuma ya jiko la Mama Msengi, palikuwa na kapu la ndizi mbivu. Mbivu hasa, zimelegea, zinanukia mpaka njiani. Ndani ya kapu waliishi nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu.

Nzi hao walikuwa na desturi yao. Kukicha, vuu! wanaamka, wanakula. Jua likisimama utosini, kimya, wanalala kivulini. Jua likishuka, vuu! wanaamka tena, ngoma inaanza. Giza likiingia, wanalala. Hakuna aliyewapigia kengele. Mwanga ulikuja, mwanga ukaondoka, na miili yao ikasikia. Wakaimba:

*Kukicha tule, zii-zii,*
*kukichwa tucheze, zii-zii,*
*giza ni mto wa kulalia!*

Kijana mmoja aliitwa Vumi. Huyu alikuwa na mbawa nzuri, na alijua kwamba ni nzuri. Alikuwa amemchumbia Siwema, na harusi ilikuwa jioni ya kesho yake, wakati wa ngoma.

Vumi akasema, "Kulala, kulala! Mchana tunalala, usiku tunalala. Tutakula lini?"

Siwema akamjibu, "Tumbo lako limekuwa kubwa kuliko mbawa zako, na bado unauliza?"

Wote wakacheka. Vumi hakucheka. Alikuwa amesikia habari za stoo. Mama Msengi alifuga vifaranga humo. Kwa kuogopa baridi aliziba madirisha yote, akawasha taa, na taa ile haikuzimwa mchana wala usiku. Na vifaranga walitupiwa maganda ya papai.

Vumi akapenya chini ya mlango. Lo! Mwanga kila pembe. Papai kila pembe.

Kifaranga mmoja akamwambia, "Karibu, mgeni. Hapa hakuchi wala hakuchwi."

"Basi nimefika peponi!" akasema Vumi.

Akala. Akazunguka. Akala tena. Akasinzia kidogo, akashtuka, akala. Macho yakawa mazito, lakini usingizi haukuja. Njaa ikaisha, lakini mdomo haukuacha.

Akamuuliza kifaranga, "Ndugu yangu, jioni imefika?"

"Jioni ni nini?"

Vumi akakuna kichwa. Akasema moyoni, "Nimechoka. Mtu akichoka, ni jioni. Twende harusini." Akafuta macho, akanyoosha mbawa, akatoka akiimba.

Nje, jua la utosini! Kali, jeupe, linachoma. Kapu lote kimya. Aliyekuwa macho ni Mjusi peke yake, amejibandika ukutani anaota jua.

"Bwana harusi!" akaita Mjusi. "Umependeza."

"Ahsante, bwana. Wageni wako wapi?"

"Mgeni ni mimi. Nami sijala."

Nyapu! Ulimi ukatoka. Ukamgusa Vumi ncha ya ubawa. Akapepesuka, akabiringika, pu! akaangukia kapuni, juu ya kichwa cha mama mkwe aliyelala.

"Mwizi!" akapiga kelele mama mkwe.

"Ni mimi, mama! Nimekuja kuoa!"

Nzi wakaamka, wakacheka mpaka wakashikana. Siwema ndiye hakucheka.

"Harusi ilikuwa jana, Vumi," akasema. "Nilikaa. Ngoma ikapigwa. Watu wakaniuliza bwana harusi yuko wapi, nikatazama chini."

Vumi akainamisha mbawa. Akasema kwa sauti ndogo, "Siwema, sikuona jua likitua."

"Basi sikia. Kuna kifuu pale, kimefunikwa jani la mgomba. Ndani hamna mwanga hata tone. Siku utakayoingia humo asubuhi, ukatoka wakati wa ngoma bila kuitwa na mtu, nitakubali. Mume asiyejua jioni simtaki."

Vumi akaingia. Akatoka, jua la utosini. Watoto wakamwimbia, "Bwana harusi wa mchana!" Akaingia tena siku ya pili. Akatoka, watu wamekwisha lala.

Basi akaacha kujidai. Akabaki kapuni na wenzake. Alfajiri ilimchoma macho, naye akaamka hivyo hivyo. Mchana alijilaza akihesabu wenzake wanaokoroma. Jioni alisinzia katikati ya ngoma, wakamkanyaga. Lakini mwanga ulikuja, mwanga ukaondoka. Giza likaja, giza likaondoka. Polepole mwili wake ukaanza kusikia tena.

Asubuhi moja, bila kuambiwa, akajiingiza kifuuni. Siwema akaona. Akajifanya anapanga mbawa zake karibu na pale.

Ndani giza tororo. Vumi akalala, akaamka, akatulia. Mara kitu kikapanda kifuani mwake, taratibu, kama maji ya chungu yanapoanza kuchemka. Miguu ikacheza yenyewe. Akasukuma jani.

Nje jua lilikuwa linashuka, jekundu. Mpiga ngoma ndiyo kwanza ameinua mkono.

"Umechelewa," akasema Siwema.

Vumi akashtuka. "Nimechelewa tena?"

"Siku nyingi," akasema Siwema, na safari hii akacheka. Akamshika mkono, wakaingia ngomani.

Basi, wasikilizaji wangu, mafunzo ni haya: mchana una kazi yake, na giza lina kazi yake. Anayelikimbia giza huupoteza na mchana.

Hadithi yangu imetua hapo. Zimeni taa, mkalale.