Minza Pimbi na Kinywa cha Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekaa?

— Tumekaa, na masikio tumekuja nayo!

Basi yategeni, niwatolee nilichobeba.

Hapo zamani za kale, kando ya ziwa kubwa lenye mawe yaliyopandana kama viazi kwenye gunia, palikuwa na kijiji cha pimbi. Pimbi mnawajua. Ni wanyama wadogo, wanene, wa rangi ya udongo, hawana mkia, na mbele ya kinywa wana meno mawili marefu, kama pembe za tembo zilizosahau kukua. Asubuhi waliota jua. Jioni walikula majani. Na mchana kutwa mmoja wao alikaa juu ya jiwe refu kuliko yote, akiangalia mbingu. Kazi yake ilikuwa moja tu: akimwona Tai, apige kelele.

Kati yao alikuwepo msichana aitwaye Minza. Mungu alimjalia Minza sauti. Akipiga kelele, mawe yaliitika, na hata pimbi wa ng'ambo ya ghuba waliingia mapangoni. Kwa hiyo, ingawa alikuwa mdogo, wazee walimpa zamu ya jiwe refu. Mama yake alifurahi. Shangazi yake, Limi, alifurahi zaidi, maana alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Shija, na alikuwa akisema kwamba siku za zamu ya Minza ndizo siku ambazo yeye hupata usingizi.

Lakini Minza alikuwa na jambo moja. Mswaki ulimshinda.

Kila asubuhi pimbi walikata vijiti vya mti wa mswaki, wakatafuna ncha mpaka zikawa nyuzi, wakazichovya kwenye dawa ya meno. Dawa hiyo bibi zao waliisaga wenyewe, kwa jivu, magadi na majani ya mnanaa pori. Wengine waliipenda, wakasema inachangamsha. Kwa Minza ilikuwa moto. Iliunguza ulimi, ikatoa povu, povu likashuka kooni. Na nyuzi za kijiti zilipogusa nyuma ya ulimi, tumbo lilimpanda, pumzi ikakata, akajiona anazama akiwa nchi kavu. Haukuwa uvivu. Hakikuwa kiburi. Kinywa chake kilikataa tu.

Alimweleza mama yake. Mama akasema huko ni kudeka. Akawaeleza wenzake, wakacheka mpaka wakalala chini. Tangu hapo Minza hakumweleza mtu tena. Akaanza hila.

Hila ya kwanza, aliponda ncha ya kijiti kwa jiwe mpaka ikawa nyuzi, akaipeleka kwa mama. Mama akaona kijiti kimetumika, akaridhika.

Mama alipoanza kumnusa, Minza akaleta hila ya pili. Alipaka dawa kidogo kwenye sharubu. Mama akanusa mnanaa, akaridhika.

Mama alipoanza kusikiliza, Minza akaleta hila ya tatu. Alikaa nyuma ya jiwe akakwaruza kijiti kwenye ukuta wa pango, kwaru, kwaru, kwaru. Mama akasikia, akaridhika.

Mama aliridhika mara tatu, jamani. Jino halikudanganyika hata mara moja.

Lilianza kwa doa. Doa likawa tundu. Maji ya baridi yakaingia tunduni, Minza akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akawa anatafuna upande mmoja. Mdomo ukaanza kunuka, akawa anaongea amegeuka pembeni. Hakusema, kwa sababu kusema jino linauma kungekuwa kuzitaja hila zote tatu. Akavumilia, akavumilia, mpaka shavu likavimba.

Siku hiyo ya shavu kuvimba ilikuwa zamu yake. Akapanda jiwe refu hivyo hivyo.

Jua likapanda. Tai akatokea. Kwanza alikuwa chembe, kisha jani, kisha kivuli chake kikapita juu ya mawe kama shuka linalotandikwa. Minza akafungua kinywa apige kelele. Taya halikufunguka. Maumivu yalimshika kuanzia jinoni, yakapita sikioni, yakaingia mpaka machoni, na sauti ile iliyoitikiwa na mawe ikatoka kama mlio wa panzi.

Chini, Shija alikuwa akicheza juani. Shangazi Limi hakusikia kelele yoyote. Aliona kivuli. Akajitupa juu ya mwanawe. Tai akashuka, akachana, akapaa tena makucha matupu. Shija alitoka hana hata mkwaruzo. Lakini shangazi Limi alipoinua uso, jicho lake la kulia lilikuwa limekwenda.

Hakuna aliyempiga Minza. Wazee walimwuliza, naye akaeleza yote, hila ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wakamwondoa kwenye zamu. Mama yake alilia. Shangazi Limi hakusema neno, si siku hiyo wala siku zilizofuata. Alikuwa akipita mbele ya Minza kama anavyopita mbele ya jiwe.

Kimya hicho kilimuuma Minza kuliko jino. Asubuhi moja aliteremka peke yake mpaka ziwani, kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mawe, mahali ambapo pimbi hawaendi. Pale palikuwa kwa Kiboko. Minza aliona afadhali pale kuliko nyumbani.

Maji yalikuwa maangavu, yametulia. Minza akalala kifudifudi juu ya jiwe, akachungulia. Chini kabisa aliona jiwe jingine, jeusi, kubwa kama kilima. Jiwe lile likatoa mapovu. Jiwe lile likafumbua macho.

Minza akajibana kwenye jiwe lake, macho yake chini.

Kule chini Kiboko alianza kufungua kinywa. Akafungua, akafungua, akafungua. Minza alidhani amemaliza, naye akafungua tena. Ndani kulikuwa kwekundu kama pango lililowashwa moto, na meno yalisimama kama nguzo, kila moja refu kuliko Minza alivyo mrefu. Mataya yale yaliwahi kukata mtumbwi vipande viwili. Mamba mwenyewe alipoyaona alipisha njia. Minza alihisi amelala kwenye mlango wa nyumba iliyojengwa kabla ya dunia.

Kisha samaki wakaja. Walikuwa ningu wadogo. Akaja mmoja, wakaja watatu, wakaja thelathini, wakatoka majanini wakaingia wenyewe katika kinywa kile, kama watoto wanavyoingia kwao. Wakapita kati ya nguzo. Wakalamba, wakadonoa, wakachokoa. Waliingia mpaka nyuma ya ulimi, pale pale ambapo Minza hakuvumilia hata unyuzi mmoja. Na Kiboko, ambaye angeweza kuwameza wote kwa mkupuo mmoja, alitulia. Hata ukope haukucheza. Ila mguu wake wa mbele, Minza aliuona vizuri, ulikuwa unatetemeka.

Mara mguu ule ukagonga chini. Ningu wote wakatoka, wakasubiri mlangoni. Kiboko akainua kichwa juu ya maji, akavuta pumzi, akaimba kwa sauti nzito iliyopita kwenye mawe mpaka tumboni mwa Minza:

Taratibu, kinywa changu, taratibu,
aliyeingia ni mgeni, si adui.
Taratibu, pumzi yangu, taratibu,
nikigonga atatoka, nitapumua.

Akazama, akafungua tena. Ningu wakarudi. Aligonga mara ya pili, wakatoka, akaimba. Akagonga mara ya tatu, wakatoka, akaimba. Minza alisahau Tai. Alisahau shavu. Hakujua machozi yameanza lini. Alikuwa hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiwa kipole namna ile, tena kikiwa kinaogopa.

Kazi ilipokwisha, Kiboko aliibuka karibu na jiwe, maji yakimwagika mabegani.

"Unatazama tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipofungua kinywa, bibi."

"Na umeona nini?"

Minza angeweza kusema meno. Akasema, "Nimeona mguu wako unatetemeka."

Kiboko akasogea, akaegemeza kidevu kwenye jiwe la Minza. Kisha akasema, "Nilipokuwa msichana nilikuwa siwezi kuguswa kinywani. Wakubwa walinilazimisha. Siku moja ningu waliingia arobaini, wakanigusa kooni, pumzi ikakata, nikafunga kinywa. Nilipofungua, hawakutoka arobaini."

Minza hakuthubutu kuuliza walitoka wangapi.

Kiboko alimweleza yaliyofuata. Tangu siku ile hakuna samaki aliyemsogelea. Misimu mitatu kinywa kilioza, hata wanawe walilala mbali naye. Mwisho aliwafuata ningu majanini, akawaambia ukweli, kwamba hakuwachukia, alikuwa anaogopa. Ningu mmoja mzee alikubali kujaribu. Siku ya kwanza alisafisha jino moja tu, la mbele kabisa, akatoka. Kesho yake jino lile lile. Wakakubaliana kwamba mguu ukigonga, aliye ndani atoke bila kuuliza. Ilipita miezi mingi kabla hajafika nyuma ya ulimi, na katikati kulikuwa na siku nyingi za kurudi nyuma.

"Na sasa umeshazoea, bibi?" Minza akauliza.

"Sijazoea. Mpaka leo sipendi. Nimejua tu namna ya kukaa na woga wangu."

Minza akarudi nyumbani mbio. Alimkuta mama yake amekaa mlangoni mwa pango, amekonda kwa wasiwasi. Akasimama mbele yake, akasema moja kwa moja, "Mama, sikuwa nadeka. Pumzi yangu hukata."

Safari hii mama hakumkatiza. Alimtazama sana, kisha akasema, "Nionyeshe inakatia wapi."

Kwanza jino bovu liling'olewa. Bibi yake Minza alilifunga kwa uzi wa katani, akavuta, na sitawaficha, liliuma. Kidonda kilipopona, wakaanza. Walichukua kijiti laini, wakakichovya kwenye maji matupu, basi. Wakakubaliana kwamba Minza akigonga mguu, kijiti kitoke. Jino moja, la mbele. Minza aligonga mguu kabla hata hawajaanza, mama akaondoa kijiti, wakasubiri. Akapumua. Wakajaribu tena. Siku ya tatu alitapika. Siku ya tisa alikataa kabisa, akajifungia pangoni mpaka adhuhuri, na mama hakumfuata kwa kijiti, alimfuata kwa majani ya kula. Siku ya kumi alishika kijiti mwenyewe, na akaona kuwa mkono wake mwenyewe haumtishi kama mkono wa mtu mwingine.

Ikabaki dawa. Mama alimwomba bibi apunguze ukali. Bibi alinung'unika kwamba tangu mawe yapandane hakuna dawa ya meno isiyounguza. Hata hivyo akasaga. Akatoa magadi, akatoa mnanaa, akaweka mchaichai. Minza akaigusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akagonga mguu, akarudia. Haikuwa tamu. Lakini haikuwa moto.

Mvua za vuli zikapita. Mvua za masika zikaja. Minza alikuwa amefika meno ya nyuma.

Asubuhi moja alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, kijiti mdomoni, akihesabu pumzi. Akasikia hatua. Alikuwa shangazi Limi, ana kijiti chake mkononi. Minza akatoa kijiti mdomoni.

"Sogea kidogo, nikae," shangazi akasema.

Minza akasogea. Wakapiga mswaki wote wawili, kimya, jua likiwapanda miguuni. Minza aligonga mguu, shangazi naye akasimamisha kijiti chake, akamsubiri mpaka apumue. Wakaendelea. Walipomaliza kusukutua, shangazi akamwambia kwamba kesho zamu ya jiwe refu ni ya Minza. Wazee hawakutaka. Yeye Limi ndiye aliyewaomba.

Minza alishindwa kumtazama usoni. Akasema taratibu kwamba anaogopa.

"Hata mimi naogopa," shangazi Limi akasema. "Mwanangu atakuwa chini. Panda hivyo hivyo."

Kesho yake Minza akapanda. Juu kabisa akafungua kinywa kujaribu sauti, kikafunguka chote, akapiga kelele. Mawe yakaitika, moja, la pili, la tatu, mpaka ng'ambo ya ghuba. Na wote waliokuwa chini walisimama pale walipokuwa, wakiisikiliza sauti ile inavyokwenda.

Ndugu zangu, kinachokushinda ukikificha hukua, na siku kikitoka hakikuumizi wewe peke yako. Ukikisema, utapata wa kukushikia kijiti. Nanyi wakubwa, mtoto akisema kinywa chake kinakataa, msikimbilie kusema anadeka. Mwulizeni kinakatalia wapi, kisha mwanze na jino moja.

Nimeufungua mkono, hakuna kilichobaki. Aliyeipenda hadithi aende nayo, na asiyeipenda aiache hapa hapa tulipokaa, mwenzake ataiokota.