Mganga Sungura Alilia Barazani

Hapo kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na mahakama yao, Kidawa, ndama wa Mama Nyati, alivunjika mguu wa nyuma wa kushoto. Mganga alikuwa Sungura. Kwa haraka na porojo zake akaufunga mguu wa kulia, ule mzima, akakaza kamba mpaka basi! Ulipofunguliwa ulikuwa umekufa. Na wa kushoto ulishaunga kombo.

"Nakushtaki!" Mama Nyati alinguruma. "Kiangazi kundi linahamia mtoni. Mwanangu ataendaje? Unilipe fidia ya nyasi za kutulisha hapa hapa!"

"Haki yako, mama," Sungura akajibu kwa upole.

Zamani hizo wakili alilipwa akishinda tu: theluthi ya fidia. Sungura akatimka mbio, vuu! hadi barazani kwa Mfalme Simba, akaangua kilio.

"Mfalme, wagonjwa wananyonywa! Wakili anakula theluthi nzima ya nyasi za kilema! Wawekee mawakili kikomo. Katika matita ishirini, apate moja tu."

"Ewaa!" wanyama wakashangilia. Aliyepiga kwato kuliko wote, gu! gu! gu! alikuwa Mama Nyati. Masikini, alidhani anaongezewa fungu.

Simba akapitisha sheria. Mama Nyati akaenda kwa wakili Fisi.

"Kesi za uganga ni ndefu, mama. Nitafute mashahidi, nimlishe mganga mwingine aje aeleze kosa, na nikishindwa nirudi mikono mitupu. Kwa tita moja? Niwie radhi."

"Nitakupa theluthi yako ya zamani!"

"Sheria inakataza. Na wewe uliishangilia, nilikuona."

Mlango, paa! Kwa wakili Mbweha, paa! Kwa Nungunungu hakufunguliwa kabisa.

Akasimama mahakamani peke yake. Sungura akamwaga maneno ya kiganga kutwa nzima, na Mama Nyati hakuwa na mganga wa kuyapinga. Kesi ikatupwa.

Kiangazi kikaingia, kundi likaondoka.

"Mama, mbona wewe huendi?" Kidawa akauliza.

"Nyamaza, mwanangu. Kula hizi."

Zilikuwa nyasi za mwisho. Inaniuma mpaka leo kuwasimulia. Na kule kilingeni Sungura alikuwa anaita, "Haya, mgonjwa mwingine!"

Basi, wajukuu zangu, mkimwona mtu analilia sheria ya kuwahurumia ninyi, muulizeni kwanza itamwepusha yeye na nini.