Chambo cha Bibi Milembe

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo ameitikia na mihogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Watu wake walivua kwa ndoana, na chambo walikitengeneza kwa mikono yao. Unyoya wa kuku, uzi wa katani, kijiti kidogo, wakavifunga juu ya ndoana mpaka samaki aone chakula. Samaki ni mroho, lakini si mjinga kama mnavyomdhania.

Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja wa kike, Bibi Milembe. Ndiyo, wa kike. Wewe unayecheka huko nyuma, ungeuona mtumbwi wake ungefunga mdomo. Wenzake walirudi na samaki wawili, watatu. Yeye mtumbwi uliingia ufukweni umeelemewa. Ndoana ni zile zile, uzi ule ule, ziwa lile lile. Chubwi! Kambare huyu. Chubwi! Kambare mwingine.

Na kila alipofika ufukweni, kabla hajanywa hata maji, alikaa chini na kisu chake. Akamshika samaki wa kwanza.

Pasua. Papasa. Tazama. Hamna.

Akamshika wa pili.

Pasua. Papasa. Tazama. Hamna.

Akiwamaliza wote aliosha kisu, akashusha pumzi, akaenda zake nyumbani.

Watu wakaanza maneno. Huyu akasema ana dawa. Yule akasema anaipaka ndoana nyongo ya mamba. Mwishowe wakaona aibu ya kusengenya, wakamwendea.

"Bibi, chambo chako unakitia nini?"

"Manyoya."

"Hata sisi tunatia manyoya."

"Ya rangi gani?"

"Meupe, kama uliyofunga juzi."

Bibi Milembe akachukua kambare, akampasua mbele yao. Tumbo lilijaa mabawa ya kumbikumbi.

"Juzi walikuwa wanakula dagaa, nikafunga unyoya mweupe," akasema. "Jana mvua ilinyesha, kumbikumbi wameanguka majini. Leo nimefunga ganda kavu la kitunguu, maana linang'aa kama bawa. Nyinyi bado mnawapelekea dagaa wa juzi."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake yote, wala hakuificha. Alichokikuta tumboni leo ndicho alichokiiga kesho. Siku za vyura alifunga unyoya wa kanga na kuuchovya kwenye tope. Alikaa na yeyote aliyekuja, akamfundisha fundo, akampa na chambo cha kwenda nacho. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mpasue tumbo la kila samaki, mlipapase. Mkikuta kitu kisicholiwa, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, mniletee."

"Ndiyo, Bibi."

Mnaijua ndiyo ya namna hiyo. Ni ndiyo ya mtoto aliyetumwa kuni jua likiwa kali! Walifika ufukweni, wakachana matumbo, wakawarushia kunguru na mbwa. Nani ana muda wa kupapasa uchafu wa samaki?

Sasa sogeeni. Nawaambia jambo ambalo pale kijijini halikusemwa.

Bibi Milembe alikuwa na mtoto mmoja, binti. Aliitwa Limi. Alikuwa mtoto wa kukimbia kila mahali, na kiunoni alivaa shanga za buluu alizotungiwa na mama yake. Siku moja alikwenda kuteka maji. Kibuyu kilionekana kinaelea. Limi hakuonekana. Wanaume walizamia, wakachokonoa mafunjo kwa miti mirefu, wakaita mpaka sauti zikakauka. Ziwa kimya.

Na desturi ya watu wale ilikuwa hivi: aliyechukuliwa na maji hazikwi mpaka maji yarudishe kitu chake. Na asiyezikwa halitajwi jina, maji yasije yakamwita mwingine. Kwa hiyo Limi hakuwa na kaburi. Limi hakuwa na jina. Wadogo walizaliwa wakakua bila kujua kwamba aliwahi kuwapo. Mama yake akawa mzee na jina hilo mdomoni, akilitamka mbali tu, katikati ya ziwa, akiimba peke yake:

*Limi, Limi wa mama,*
*nipe ushanga mmoja,*
*nikulaze pakavu,*
*mama naye alale.*

Kambare hula kila kinachoanguka chini ya ziwa. Ndiyo maana alipasua. Ndiyo maana alipapasa. Hakuwa akitafuta dagaa wala kumbikumbi. Aliwaona tu, miaka yote hiyo, alipokuwa akimtafuta mwanawe.

Ngojeni kidogo. Nipeni maji ninywe.

Haya. Akaja kijana mmoja, Ngasa, kutoka vijiji vya milimani. Alioa pale, akahamia ukweni, akajifunza uvuvi kwa Bibi Milembe. Hakuwa mvivu, na alikuwa msikivu kuliko wenyeji. Aliambiwa apasue, akapasua. Aliambiwa apapase, akapapasa.

Asubuhi moja alikuwa ufukweni na kambare mkubwa. Pasua. Papasa. Kucha ikagonga kitu: ki! Tazama.

Ushanga wa buluu.

Kama Ngasa angeambiwa habari za Limi, angepiga mbio mpaka mlangoni kwa Bibi Milembe. Lakini nani alimwambia? Alisimama, ushanga unang'aa kiganjani, akafikiri kwa akili zake. Kumbe! Ndiyo maana Bibi anataka tumpelekee vitu vya tumboni. Samaki mkubwa kama huyu alivutwa na kitu hiki. Siri ya chambo ndiyo hii!

Akautunga ushanga kwenye ndoana. Akaingia ziwani saa ile ile.

Chubwi!

Kitu kizito kikadaka. Ngasa akavuta, nacho kikavuta. Akavuta, kikavuta. Uzi ukalia, zzzz, kisha ta! Ukakatika. Ndoana ikaenda, ushanga ukaenda, na aliyemeza akaenda.

Ngasa akarudi moja kwa moja kwa Bibi Milembe, anacheka.

"Bibi, siri yako nimeijua! Kile kitu kinachong'aa kinadaka samaki mwenye nguvu za ng'ombe. Amenikatia uzi. Nipe kingine."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Ushanga. Niliukuta tumboni."

Bibi Milembe aliweka chini unyoya aliokuwa akiufunga.

"Wa rangi gani?"

"Buluu, Bibi."

"Uko wapi?"

"Si nimekwambia? Umekwenda na samaki."

Ngasa akaacha kucheka. Alianza kuogopa, wala hakujua anaogopa nini.

"Uliushika?" Bibi Milembe akauliza.

"Niliushika."

"Kwa mkono gani?"

Akanyoosha mkono wa kulia. Bibi Milembe akaushika kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akalia. Watu walikuwa hawajamwona akilia tangu siku ya kibuyu. Alilia kwa sauti, mpaka majirani wakatoka.

"Umemshika mwanangu," akasema. "Mimi nimemtafuta mpaka mvi, sijamgusa."

Kisha akaleta maji kwenye kibuyu na chungu kidogo. Akauosha mkono wa Ngasa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anavyomwosha mtoto, maji yakakingwa chunguni yote. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba.

Wazee wakaja mbio na fimbo zao.

"Milembe! Unazika maji?"

"Naam."

"Desturi inasema maji yarudishe kitu chake."

"Yalirudisha," akasema, bila kuacha kuchimba. "Yalimpa mtu ambaye hakuna aliyemwambia."

Wazee wakatazamana. Ngasa alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, machozi yanamchuruzika.

"Anaitwa nani?" akauliza. "Niambieni tu, anaitwa nani?"

Watu walitazama chini. Mwishowe mkubwa wa wazee, yule yule aliyelikataza jina siku ile ya kibuyu, akakohoa, akasema polepole:

"Limi."

Maji yakamiminwa shimoni. Udongo uliyanywa mara moja. Wakafukia.

Mnadhani Bibi Milembe alipumzika? Hapana. Asubuhi yake alikuwa ziwani. Sasa Ngasa alipiga kasia, na wimbo ule uliimbwa kwa sauti, na waliokuwa ufukweni waliusikia. Ule ushanga haukuonekana tena. Bibi alifunga chambo na kupasua samaki mpaka vidole vikakataa. Alipokufa walimlaza nyuma ya nyumba, karibu na lile kaburi dogo, na Ngasa ndiye aliyelia kuliko wote.

Wasichana wengi wa kijiji kile huitwa Limi. Na mpaka leo, samaki akitoka majini hupasuliwa na kutazamwa tumbo kabla ya lolote. Kwa hiyo wanajua samaki wanakula nini, na chambo chao hupata kuliko cha vijiji vya jirani. Wageni huja kuuliza, nao huambiwa habari za kumbikumbi na ganda la kitunguu.

Mimi nawaambia nyinyi mengine. Kila mtu alimwuliza Bibi Milembe anapataje samaki. Hakuna aliyemwuliza anatafuta nini. Ukimwona mwenzako anapekua kila siku, muulize amepoteza nini, tena muulize mapema. Na waliokufa wenu watajeni, ili mgeni akiokota chao ajue ni cha nani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nani anakwenda kupasua samaki wa leo? Wewe? Haya, chukua kisu. Polepole, mwanangu. Tazama kwanza.