Matangazo ya Vifo ya Saa Moja Jioni

Wahenga hawakuona televisheni, lakini waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ungedhani walikuwa wakimtazama Tata Stanislas Kalala. Mwaka 1991, watu wa Zaire walipoanza kufunguka midomo, tajiri huyo alifungua kituo cha televisheni mjini Kolwezi. Alikuwa pia na kiwanda cha juisi ya vifuko, na watoto waliipenda kupita kiasi. Basi kila jioni habari zilimsifu yeye, zikaisifu juisi yake, kisha zikamsifu tena.

Msomaji wa habari hizo alikuwa Tshibola, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa ameachishwa kazi mgodini. Siku moja ya mvua, muuguzi Mianda alimletea habari nzito: kipindupindu kimeingia mtaani, na wagonjwa wote walikunywa juisi ya Kalala, kwani kisima cha kiwanda kilikuwa kimeingiliwa na maji ya choo. Tshibola akaiandika. Kalala akaichana karatasi mbele ya macho yake.

"Hii televizyo ni ya nani, mama?"

"Ni yako, Tata."

"Basi kipindupindu haiko Kolwezi. Ukisema, utaenda kulima."

Tshibola alirudi mezani damu ikimchemka. Aliogopa, kwa nini tufiche? Chungu cha nyumbani kilitegemea mshahara ule. Lakini watoto walikuwa wakifa, naye akajipiga moyo konde: liwalo na liwe.

Kituoni pale palikuwa na kitu kimoja kisichoguswa, nacho ni matangazo ya vifo. Kila familia ilileta karatasi yake, ikimtaja marehemu, wajomba, mashangazi na mahali pa matanga. Miezi michache nyuma jina la mjomba mmoja lilirukwa, ukoo mzima ukaja na mawe. Tangu hapo Kalala aliamuru matangazo hayo yasomwe neno kwa neno.

Kesho yake wafiwa walipanga foleni mbele ya meza ya Tshibola. Wa kwanza alikuwa Tata Banza, aliyefiwa na binti yake Mbombo.

"Pole, Tata. Mutoto alikufa na nini?"

"Na kuhara, mama. Alikunywa ile juisi, kesho yake akaisha."

"Basi andika vile vile. Mi nitasoma."

Banza aliitazama kalamu, akaishika kama mtu ashikaye rungu. Waliokuwa nyuma yake walisikia, nao wakaandika.

Saa moja jioni Tshibola alisoma kwa sauti kavu: "Mbombo Banza, miaka saba, ameaga dunia kwa kuhara baada ya kunywa juisi ya Kalala." Jina la pili, juisi. La tatu, juisi. Hivyo hivyo mpaka la sita.

Kalala aliingia akihema. "Umeniua, mwanamuke weye!"

"Mi sikuongeza neno, Tata. Ulisema tusiguse. Habari ni yako, lakini bafu ni ba bantu, wafu ni wa watu."

Alimfukuza papo hapo. Tshibola alichukua mkoba wake akatoka kichwa juu, ingawa moyo ulimuuma. Barabarani akina mama walikuwa wakimwaga juisi mtaroni, na kulipopambazuka wafiwa walisimama langoni mwa kiwanda mpaka kikafungwa.

Kalala alimiliki kamera, mnara na midomo ya watangazaji, ila makaburi hakuyamiliki. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.