Pweza Aliyejibu Ishara

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia kwa pua. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Pumzi mnazo? Vuteni basi, maana leo tunashuka chini ya bahari.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo Ngedere alikuwa na boti ya mashine, palikuwa na bustani ya matumbawe. Mengine mapana kama sinia, mengine matawi matawi. Ndani ya tumbawe kubwa kuliko yote mlikuwa na pango, na ndani ya pango aliishi Mama Pweza. Alikuwa ametaga. Mayai yake yalining'inia darini, meupe, madogo, kama punje za mchele. Na desturi ya pweza mnaijua: akishataga, hatoki. Hali, halali, hatembei. Anayapapasa mayai yake na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe. Kumhamisha huwezi, maana mayai hayahamishiki.

Sasa, kila Jumamosi ilikuja boti. Nahodha ni huyo huyo Ngedere. Abiria wake ni wazamiaji wawili, Fisimaji na Mnandi. Fisimaji si yule fisi wa nchi kavu anayecheka ovyo. Huyu ni wa majini, manyoya laini, mstaarabu. Mnandi ni yule ndege mweusi wa shingo ndefu, anayezama akakaa mpaka ukadhani ameghairi kurudi.

Boya la kufungia boti lilikuwepo, kule pembeni kwenye mchanga, linaelea peke yake kama lililosuswa. Ngedere halitazami. Anafika juu ya bustani, anatupa nanga. Chubwi! Inashuka. Gu! Inatua juu ya matumbawe. Upepo unasukuma boti, boti inavuta kamba, kamba inavuta nanga. Kwaruu, kwaruu, kacha! Limevunjika. Na tumbawe, jamani, linaota urefu wa ukucha kwa mwaka. Bibi yake Mama Pweza alilikuta, Ngedere kalivunja kabla hajamaliza ndizi yake. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, mnisamehe.

Fisimaji na Mnandi wanashuka, wanatazama, wanapanda juu wakisifia uzuri wa bustani. Nanga wanaiona. Wanaipita. Kila mmoja anajiambia kwamba nanga ni mambo ya nahodha.

Jumamosi ya kwanza nanga ilivunja ua wa Kaa, jirani. Jumamosi ya pili ilivunja kibaraza cha Mama Pweza. Kaa akaja na virago vyake, akamshauri wahame wote. Mama Pweza akamuuliza kama amewahi kuona mtu akihama na dari. Kaa akabeba virago vyake, akaondoka upande upande, kama kawaida yake.

Mama Pweza akabaki mlangoni, akiwatazama wazamiaji. Akagundua kitu. Chini ya maji hawasemi, wanazungumza kwa mikono. Mmoja akikunja duara, anauliza: uko sawa? Mwenzake akikunja duara, anajibu: niko sawa. Akiulaza mkono na kuutikisa, ana tatizo. Na wana sheria yao: ishara haiachwi bila jibu, na mmoja akisema ana tatizo, wote wanapanda juu. Basi Mama Pweza akafanya mazoezi wiki nzima. Mikono miwili inapapasa mayai, sita inajifunza.

Jumamosi ya tatu. Chubwi! Gu! Kwaruu, kwaruu... Kimya. Haikuvunja. Ilikuwa imeingiza ukucha wake chini ya paa la Mama Pweza, ikanasa. Kamba ikakaza, paa likalia. Ngedere akiwasha mashine aing'oe kwa nguvu, kama alivyozoea, paa litakwenda nayo, na mayai pia.

Fisimaji akapita mlangoni. Kwa mzaha tu, akamkunjia Mama Pweza duara: uko sawa?

Mama Pweza akaulaza mkono, akautikisa. Akautikisa wa pili. Akautikisa wa tatu. Mikono yote sita ikatikisika pamoja: tatizo, tatizo, tatizo. Fisimaji alitaka kupiga ukelele, akakumbuka yuko wapi. Akamwita Mnandi. Mama Pweza akanyoosha mkono kwenye nanga, akanyoosha mwingine kwenye mayai. Wale wawili wakatazamana. Sheria ni sheria. Wakapanda juu.

Walimkuta Ngedere ameshashika kamba ya kuwashia mashine. Fisimaji akamwambia aiache, akamweleza walichokiona. Akamwomba afunge boti kwenye boya.

"Zamani nilikuwa nafunga pale," akasema Ngedere. "Nani aliniambia ni mbali, miguu inachoka?"

Mnandi akaanza kujichambua manyoya. Ni yeye aliyesema. Na Fisimaji ndiye aliyemuunga mkono.

Hapo ndipo ninapowapenda hawa wawili, kwa sababu hawakubisha.

"Tulisema sisi, na tulikosea," akasema Mnandi. "Wewe funga kwenye boya. Tutaogelea."

Ngedere akasema boya lina kazi, mpaka ainame, mpaka alowe.

"Basi hatuzami na wewe," akasema Fisimaji, "na tutamwambia kila mzamiaji sababu."

Wakakaa kitako ndani ya boti. Ngedere akawatazama. Boti ya wazamiaji isiyo na mzamiaji ni kuzurura tu. Akaachia mashine, akalegeza kamba ya nanga.

Wakashuka tena. Mnandi akashikilia paa. Fisimaji akauchomoa ule ukucha taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Nanga ikatoka. Hakuna hata yai moja lililodondoka.

Jumamosi ya nne Mama Pweza akasubiri chubwi. Hakuna. Akasubiri gu. Hakuna. Kule mbali boti ilikuwa imefungwa kwenye boya, na Ngedere ameloa, ananung'unika. Wazamiaji wakaja wakiogelea, na Mnandi miguu ilimchoka kweli. Wakafika mlangoni. Fisimaji akakunja duara: uko sawa?

Mama Pweza akasogea pembeni. Nyuma yake, mayai yalikuwa yameanguliwa asubuhi ile. Vitoto mia, vidogo vidogo, vikanyoosha vijikono vyao. Vyote vikakunja duara.

Mnandi anasema hakulia. Chini ya bahari nani atajua?

Basi nyinyi mnaopenda kushuka kutazama, funzo ni hili. Kabla hujazama, uliza boti imefungwa wapi. Ukiona nanga juu ya matumbawe, sema. Usiposikilizwa, usizame. Na boya likiwa mbali, ogelea.

Hadithi yangu imefika boyani, nami nimeifunga hapo. Haya, pumueni.